Chapa ya Mshale na Chapa ya Sarafu: Uhakiki wa Taswira ya Uwindaji katika Sarafu za Fedha

Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuichambua riwaya, tamthilia na ushairi kwa kuzingatia fani na maudhui. Ni nadra kumwona mhakiki akiitazama sarafu kwa jicho hilo hilo. Hata hivyo sarafu nayo ni matini. Ina mtungaji, ambaye ni dola. Ina maneno na picha. Ina hadhira iliyokusudiwa. Na kama ilivyo kazi yoyote ya sanaa, ina mambo inayoyasema waziwazi na mengine inayoyanyamazia.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi uwindaji wa jadi ulivyochorwa, au ulivyokosa kuchorwa, katika sarafu za Afrika Mashariki. Mkazo utawekwa juu ya sarafu za fedha, yaani zile ambazo hazitengenezwi kwa ajili ya sokoni bali kwa ajili ya wakusanyaji. Kipimo kitakachotumiwa ni uwindaji wa Wakamba wa Nuu, katika nchi ya Kitui. Nuu haikuteuliwa kwa sababu ina sarafu yake. Imeteuliwa kwa sababu haina, wala hapana sarafu ya Kenya iliyo mfukoni mwa mkazi wake leo inayomwonyesha babu yake akiwa na uta mkononi, ingawa baadhi ya wanyama aliowawinda babu huyo wamo.

Hoja kuu ni hii: sarafu za wanyamapori hudai kuhifadhi, na kwa kweli huhifadhi kitu, lakini katika kumhifadhi mnyama humfuta msasi. Pamoja na msasi hufutika ujuzi wake, sheria zake na msamiati wake. Jambo hilo la mwisho ndilo linalowahusu wanaisimu.

Fedha: neno na madini

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Katika Kiswahili neno fedha, lenye asili ya Kiarabu, lina maana mbili: madini meupe yenye thamani, na mali ya kununulia. Sababu ya kihistoria iko wazi. Pwani ya karne ya kumi na tisa ilifanya biashara kwa riale, na baadaye kwa rupia, na zote mbili zilikuwa za madini hayo. Sarafu ilipoacha kuwa ya fedha, neno halikubadilika. Shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwaka 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha safi, na baada ya mwaka 1946 hata robo hiyo iliondolewa. Watu waliendelea kuiita fedha.

Wakamba kwa upande wao walichukua neno pesa, ambalo ni la Kihindi, wakalifanya mbesa. Kwa hiyo neno la Kikamba halikumbuki madini ya rupia. Linakumbuka sarafu ndogo ya shaba. Tofauti hiyo yafaa kuzingatiwa. Sarafu ya fedha inayouzwa leo kwa wakusanyaji imeirudisha maana ya kwanza ya neno, ile ya madini, huku ikiipoteza ile ya pili, kwa kuwa hakuna anayeipeleka dukani kununulia chumvi. Imekuwa fedha isiyo pesa. Mtu anayeishi kwa mbesa za siku kwa siku hana njia ya kukutana nayo.

Mshale wa Nuu na chapa yake

Vilima vya Nuu viko mashariki ya Kitui. Ukivipita na kuendelea mbele, nchi hushuka taratibu kuingia nyika kavu inayofika hadi bonde la mto Tana. Katika nchi ya namna hiyo, ambako mvua za misimu yote miwili hukosekana mara kwa mara, uwindaji na urinaji wa asali haukuwa mchezo wa wenye nafasi. Ulikuwa ghala la pili, lililofunguliwa pale ghala la kwanza lilipokuwa tupu.

Gerhard Lindblom, Mswidi ambaye kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilichapishwa Uppsala mwaka 1920, aliuona uzito wa jambo hili. Msomaji wa Kiswahili atauona pia katika maneno. Upinde kwa Kikamba ni uta, na kwa Kiswahili cha kale ni uta vile vile. Podo huitwa thyaka, na Kiswahili kina neno ziaka kwa kitu hicho hicho, ingawa vijana wengi wa leo hawalijui. Sumu ya mishale ni ivai. Hutolewa katika mti ambao Waswahili huuita msunguti: vipande vyake huchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yakauke na kubaki kitu cheusi, kizito kama lami. Sumu hiyo ilipakwa nyuma kidogo ya kigumba, kisha ikavingirishwa ngozi laini. Ngozi hiyo ilikuwa na kazi mbili: kuizuia sumu isikauke, na kumkinga aliyeibeba. Tena kigumba hakikushikamanishwa moja kwa moja na uti wa mshale. Mnyama alipokurupuka na kukimbia, uti ulianguka njiani na kigumba kikabaki mwilini.

Katika ufundi huu wote lipo jambo moja ambalo mhakiki wa sarafu hana budi kulitazama kwa makini. Mshale wa Mkamba ulikuwa na alama. Mizinga ya nyuki nayo ilitiwa alama, na ng'ombe vile vile, ili kila kitu kijulikane ni cha nani na cha mbari gani. Mnyama alipopatikana ameanguka mbali na pale alipopigwa, alama ya mshale ndiyo iliyoamua mwenye haki.

Kwa hiyo mshale ulikuwa na chapa. Neno chapa katika Kiswahili hutumika kwa alama ya ng'ombe, kwa maandishi ya kitabu na kwa picha inayogongwa juu ya sarafu. Ni neno linalofaa sana hapa, kwa sababu chapa ya mshale na chapa ya sarafu hufanya kazi moja: humtaja mwenye mamlaka. Chapa ya mshale ilisema, mnyama huyu ni wa fulani wa mbari fulani. Chapa ya sarafu husema, mnyama huyu ni wa dola. Historia ya uwindaji katika Afrika Mashariki ni historia ya chapa ya pili kuifuta ya kwanza.

Pembe bila ndovu, simba bila msasi

Ufutaji huo haukuanza na sarafu za wakusanyaji. Ulianza na senti za tundu za mkoloni. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka sarafu za senti moja, senti tano na senti kumi zilizokuwa na tundu katikati. Kando ya tundu hilo zilichorwa pembe za ndovu. Ndovu mwenyewe hayumo, wala aliyemwangusha hayumo, na wala waliozibeba pembe hizo kwenda pwani hawamo. Zimebaki pembe peke yake, na katikati pana uwazi.

Ni vigumu kupata picha iliyo kweli kuliko hiyo, ingawa mchoraji hakukusudia kusema ukweli huo. Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakuu wa pembe katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa. Misafara yao ilitoka Kitui hadi Rabai na Mombasa. Kivui wa Kitui, aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe, na aliuawa karibu na mto Tana mwaka 1851 akiwa safarini pamoja na Krapf huyo huyo. Katika sarafu ya mkoloni historia hiyo yote imepunguzwa ikawa pambo la ukingoni mwa tundu.

Shilingi nayo ilikuwa na simba aliyesimama mbele ya milima. Yuko peke yake katika nchi isiyo na watu. Picha ya nchi tupu yenye wanyama tele ilikuwa nguzo mojawapo ya fikra za kikoloni, kwa maana nchi isiyo na watu haina mwenyewe. Sheria zilifuata mkondo huo huo. Tangu mwanzo wa karne ya ishirini uwindaji ulifungwa kwa leseni. Aliyekuwa na bunduki na karatasi aliitwa mwindaji. Aliyekuwa na uta na thyaka akawa mhalifu. Kiswahili kilikuwa na neno msasi, neno la heshima, na methali ikasema kwamba msasi haogopi mwiba. Pahali pake pakaingia neno jangili. Katika operesheni kubwa ya miaka ya 1956 na 1957 dhidi ya wapiga mishale wa Tsavo, waliokamatwa na kufungwa walikuwa hasa Wawaata na Wakamba. Chapa ya mshale iliyokuwa ushahidi wa haki ikawa sasa inaweza kutumika kama ushahidi wa kosa.

Sarafu za fedha za mwaka 1974

Baada ya uhuru ilitarajiwa kwamba msasi angerudi. Mfano mzuri wa kulipima tarajio hilo ni sarafu za fedha za Tanzania za mwaka 1974. Zilikuwa sehemu ya mfululizo wa kimataifa wa hifadhi, uliotolewa na nchi nyingi kwa ushirikiano na WWF na IUCN, na kutengenezwa na Royal Mint ya Uingereza. Tanzania ilitoa shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, zote za fedha, pamoja na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma. Upande wa pili ulikuwa na sura ya Mwalimu Nyerere.

Kwa upande wa fani, sarafu hizi hazina lawama. Zile zilizong'arishwa mahususi kwa wakusanyaji zina gramu 28.28 na gramu 35, na fedha yake ni safi kwa sehemu 925 katika kila 1,000. Mnyama amechorwa kwa uangalifu na ustadi. Aidha lugha ni Kiswahili, jambo ambalo Bodi ya mkoloni haikulifanya, na ambalo wapenzi wa lugha wana haki ya kulifurahia.

Ni katika maudhui ndipo penye swali. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uwindaji mwaka 1973, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1978. Kwa hiyo sarafu ilitolewa katikati ya kipindi ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kumgusa mnyama. Picha na sheria zilisema kitu kimoja: mnyama ni hazina ya taifa, na taifa linawakilishwa na rais. Kati ya uso wa rais upande mmoja na kifaru upande wa pili hapana mtu mwingine. Mkulima na msasi walioishi na kifaru huyo kwa vizazi vingi hawana upande. Na hadhira ya sarafu haikuwa wao. Ilikuwa mkusanyaji, ambaye mara nyingi alikuwa ng'ambo, akiinunua kwa bei iliyo juu sana kuliko shilingi 25 zilizoandikwa.

Kenya ilifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaharamisha hata uwindaji wa kitoweo. Sarafu za Kenya ziliendelea kubeba sura za marais mpaka Katiba ya mwaka 2010 ilipoamuru, katika Ibara ya 231, kwamba noti na sarafu zinaweza kuonyesha Kenya au jambo fulani la Kenya, lakini zisibebe sura ya mtu binafsi. Desemba 2018 zikatolewa sarafu mpya: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa shilingi tano, simba kwa shilingi kumi, ndovu kwa shilingi ishirini. Hizi si za fedha wala si za wakusanyaji, lakini zimerithi mtazamo wa mwaka 1974 bila kuuhoji. Simba amerudi. Ndovu sasa ni mzima, si pembe tu. Msasi bado hajafika.

Je, Katiba ndiyo iliyomzuia? La. Ibara hiyo inakataza sura ya mtu binafsi; haikatazi kazi ya watu. Mkono unaovuta uta si picha ya mtu fulani. Ni jambo la Kenya, sawasawa na ndovu.

Mfano wa Marekani: msasi baada ya uwindaji

Huenda ikasemwa kwamba dawa ni rahisi, nayo ni kumchora msasi. Historia ya Marekani inaonya kwamba si rahisi kiasi hicho. Mwaka 1913 Marekani ilitoa sarafu ya senti tano iliyochorwa na James Earle Fraser. Upande mmoja ilikuwa na uso wa Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa wenyeji wa nchi hiyo wakati ule, na upande wa pili nyati wa Marekani. Hapo msasi na mnyama wake walikutana juu ya sarafu moja. Lakini walikutana lini? Baada ya mamilioni ya nyati kuangamizwa kwa bunduki hadi wakabaki mamia, na baada ya wenyeji waliowategemea nyati hao kufungiwa katika maeneo yaliyotengwa. Walipewa nafasi juu ya sarafu pale walipokuwa hawana tena nafasi juu ya ardhi. Tena wamewekwa kwenye pande mbili tofauti: hakuna namna ya kuishika sarafu ile ukamwona msasi na mnyama kwa pamoja.

Mwaka 2001 mchoro huo ulirudiwa katika dola ya fedha ya ukumbusho. Zilitengenezwa 500,000 na zote zikanunuliwa. Katika kila moja, sehemu ya bei ilikwenda kusaidia jumba la makumbusho la taifa la Wahindi wa Marekani. Hapa pana hatua mbele, na ni haki kuikiri: angalau sehemu ya faida ilielekezwa kwenye kumbukumbu ya watu waliochorwa. Lakini picha ilibaki ile ile ya mwaka 1913. Msasi bado ni uso bila kazi. Hana uta wala ziaka, na hakuna neno hata moja la lugha yake.

Kwa hiyo kipimo cha sarafu ya uwindaji kisiwe kama mtu yumo au hayumo. Kiwe kama ujuzi wake na haki yake vimo.

Pingamizi mbili

Hapana budi kuzikabili pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba mnyama alihitaji kutetewa. Hilo ni kweli. Vifaru wa Kenya walikuwa takriban 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 400. Sarafu iliyoivuta dunia imtazame kifaru haikuwa upuuzi. Wala si haki kumpamba msasi wa jadi kama mtu asiye na hatia: mishale ya Wakamba iliua ndovu wengi kwa ajili ya soko la pembe, katika zama za Kivui na hata katika miaka ya 1950. Lakini jibu limo ndani ya pingamizi yenyewe. Kilichobadilisha kitoweo kuwa maangamizi ni soko, na soko hilo lilikuwa ng'ambo. Sarafu inayomfuta msasi na kumuuzia mkusanyaji wa ng'ambo taswira ya mnyama inamwondolea lawama mnunuzi, na kumwachia lawama yote asiyeonekana. Fedha fedheha, wasemavyo wahenga, lakini hapa fedha imebaki kwa mmoja na fedheha kwa mwingine.

Pingamizi ya pili inatoka Ukambani kwenyewe. Mkamba ni mchongaji hodari. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipoleta ufundi wa kuchonga kwa ajili ya soko baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wakamba wamechonga twiga, vifaru na ndovu kwa maelfu, mara nyingi bila msasi. Kama wao wenyewe wamemwacha, kwa nini dola ilaumiwe? Pingamizi hii ina uzito, na inaonyesha kwamba jambo linalohakikiwa hapa ni kubwa kuliko kiwanda kimoja cha sarafu. Mchongaji huchonga kile kinachonunuliwa. Aliyeamua kwamba Afrika ni mnyama bila mtu ni mnunuzi, na mchongaji pamoja na Benki Kuu wamemtii mnunuzi huyo huyo. Tofauti ni kwamba mchongaji alitii kwa sababu ya njaa. Dola haina udhuru huo.

Hitimisho

Yaliyoelezwa yanatosha kuonyesha kwamba kimya cha sarafu hizi si bahati mbaya. Ni kimya chenye historia: kilianza na senti za tundu, kikapata ung'avu katika fedha ya mwaka 1974, na kimo hadi leo katika shilingi za mwaka 2018. Iwapo Kenya itataka siku moja kutoa sarafu ya fedha ya uwindaji wa jadi, mambo matatu yafaa kuzingatiwa. Kwanza, ichore kazi na si uso: kigumba kilichovingirishwa ngozi, au alama ya mbari juu ya mshale, ni picha yenye ukweli zaidi kuliko shujaa aliyesimama akitazama machweo. Pili, maneno yake yawe ya Kiswahili na ya Kikamba, kwa kuwa kitu kisichotajwa kwa jina lake hubaki mali ya anayekitaja. Tatu, mchoro huo huo utolewe pia katika madini ya kawaida yenye thamani ndogo, ili mtu wa Nuu aupokee kama chenji sokoni badala ya kuusikia habari zake.

Lakini kuna kazi isiyongoja Benki Kuu, nayo ni ya idara za lugha. Tangu mwaka 1977 uta umekuwa kosa, na mzee anayejua namna ya kuchemsha ivai ana sababu ya kutosha ya kunyamaza mbele ya mgeni mwenye kalamu. Msamiati unaofungwa mdomoni kwa hofu haurithiwi. Majina ya sehemu za mshale, ya nyayo, ya hatua za upishi wa sumu na ya alama za mbari yanahitaji kukusanywa Nuu na kwingineko, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa ahadi kwamba anayesema hatatajwa. Kamusi zetu zina neno ziaka kwa sababu kuna aliyeliandika wakati wasemaji wake walipokuwapo. Maneno mengi ya Nuu hayajapata mwandishi wa namna hiyo, na wenye kuyajua hawazidi kuwa vijana.